Matangazo Yaliyogundishwa na Majarida ya Zamani Gusii

Majarida ya zamani yaliyobaki katika nyumba za Kisii na Nyamira, yaani nchi ya Gusii, mara nyingi yana vitu ambavyo si sehemu ya habari zenyewe: karatasi ya tangazo iliyogundishwa ukingoni mwa ukurasa, kadi ya kujaza na kurudisha kwa posta, au kijipakiti bapa cha sampuli ya mafuta ya kujipaka. Anayetaka kulihifadhi jarida analazimika kuamua la kufanya na vitu hivyo, maana gundi huchafua ukurasa kadiri miaka inavyopita, na kadi ngumu huivunja karatasi laini iliyolala juu yake. Kuvibandua bila kurarua ukurasa kunaanza na kuitambua gundi, kabla hata ya wepesi wa mkono. Na gundi hutambulika upesi zaidi kwa mtu anayejua jarida lilichapwa miaka gani na lilifikaje kwenye milima ya Gusii.

Maandishi ya kuchapwa yalifika Gusii kupitia misheni. Mwaka 1906 mmisionari wa Kiadventista Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, pamoja na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, walifungua kituo cha Gendia karibu na Kendu Bay, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Mwaka 1913 Carscallen alipata mtambo mdogo wa kuchapa, na hapo ndipo ulipoanza uchapishaji wa Kiadventista katika eneo hilo. Baadaye kiwanda cha Kendu Bay kikajulikana kwa jina la Africa Herald Publishing House. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waadventista walikuwa wamepanda hadi Nyanchwa, kilima kilicho kando ya mji wa Kisii, na Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walikuwa wamejenga Nyabururu. Vituo hivyo viwili viliporwa Septemba 1914, wakati Waingereza na Wajerumani walipopigana Kisii na utawala ukayumba kwa siku chache. Vilifunguliwa upya, na kusoma kukaendelea.

Wasomaji wa kwanza wa Gusii hawakusoma kwa lugha yao. Misheni zote mbili zilikuwa zimejikita kwanza miongoni mwa Wajaluo, kwa hiyo vitabu vya Kijaluo ndivyo vilivyopelekwa Nyanchwa na Nyabururu, na Mgusii aliyetaka kubatizwa alijifunza Kijaluo kwanza ili asome. Malalamiko juu ya jambo hilo yalikuwa makali, na taratibu maandishi ya Ekegusii yakapatikana. Biblia nzima katika Ekegusii ilitoka mwaka 1988. Urithi wa kipindi hicho ungali unaonekana. Uadventista ulienea Gusii kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Kenya, na ulikuja na desturi ya karatasi: somo la Shule ya Sabato la kila robo ya mwaka, na wainjilisti wa vitabu waliopita nyumba kwa nyumba wakiuza vitabu na majarida ya afya na malezi. Nyumba nyingi ambazo hazikuwa na rafu ya vitabu zilikuwa na sanduku la bati, na karatasi zilizothaminiwa ziliwekwa humo pamoja na vyeti na barua.

Maandishi hayo ya kanisa hayaleti tabu kwa mhifadhi wa leo. Ni vijitabu vyembamba, na adui zao ni unyevu, mchwa na moshi.

Matangazo ya biashara yaliingia na magazeti. Baraza, gazeti la Kiswahili la kila wiki la kampuni ya East African Standard, lilianza mwaka 1939 na kuendelea hadi 1979. Taifa ilizaliwa mwaka 1958 ikiwa ya kila wiki, kisha mwaka 1960 Taifa Leo ikawa ya kila siku, mwaka uleule Daily Nation ilipoanza. Wanunuzi wa magazeti katika Gusii walikuwa walimu, makarani, machifu, wahubiri, na baadaye wakulima wenye mapato ya zao la biashara. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, na Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa mmoja wa waliolisimamia zao hilo. Pareto na chai vilifuata, hasa kwenye nyanda za juu ambazo leo ni Kaunti ya Nyamira. Fedha ya shamba ndiyo iliyolipa karo, na ndiyo iliyonunua gazeti.

Katika magazeti hayo matangazo ya sabuni, baiskeli, dawa za maumivu na sigara yalichapwa juu ya ukurasa wenyewe. Hapakuwa na cha kubandua. Gundi ilitiwa nyumbani, na msomaji mwenyewe. Gazeti likishasomwa lilifunikia daftari la mwanafunzi, lilifungia sukari na nyama, au lilibandikwa ukutani ili kuzuia vumbi la udongo na kuipa sebule rangi. Picha iliyochaguliwa kwa ukuta mara nyingi ilikuwa ya tangazo, kwa kuwa matangazo ndiyo yaliyokuwa na picha kubwa na, rangi zilipoingia magazetini, yalikuwa ya kwanza kuwa na rangi. Gundi ya kazi hiyo ilikuwa uji mzito wa unga, au kipande cha ugali laini kilichopakwa kwa kidole.

Uji ni gundi ya heshima. Hushika vizuri, hauozeshi karatasi kwa asidi, na huachia kwa maji hata baada ya miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba mende na panya huupenda, na kwenye unyevu huota ukungu. Karatasi ya gazeti iliyogundishwa kwa uji hubanduliwa kwa kuwekewa juu yake kitambaa cheupe kilicholowekwa na kukamuliwa sana, na juu ya kitambaa karatasi ya plastiki ili unyevu usipotee. Baada ya robo saa au nusu saa wanga huvimba na kulainika, na kisu butu kinachopitishwa kwa kulala hutenganisha karatasi hizo mbili. Haraka haifai hapa. Karatasi ya gazeti ikilowa hupoteza karibu nguvu zake zote, kwa hiyo hainyanyuliwi kwa pembe bali hutelezeshewa karatasi ya plastiki chini yake na kubebwa nayo. Kabla ya yote wino hujaribiwa kwa ncha ya pamba yenye maji mahali pasipoonekana; wino wa gazeti wa zamani, uliotengenezwa kwa masizi na mafuta, hautoki kwa maji, lakini wino wa kalamu wa mtu aliyeandika jina lake ukingoni hutawanyika mara moja.

Njia hiyo ya maji ndiyo iliyowaponza wengi walipoihamishia kwenye majarida ya baadaye.

Majarida ya Kenya yenye karatasi bora yalistawi baada ya uhuru. Drum ilikuwa na toleo la Afrika Mashariki. Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha Joe mwaka 1973. Ng'weno akaanzisha The Weekly Review mwaka 1975, nayo ikadumu hadi 1999. Viva lilisomwa sana na wanawake wa mijini. Parents la Eunice Mathu lilitoka mwaka 1986. Yalisafirishwa kutoka Nairobi pamoja na magazeti, yakapanda kwa barabara ya Sotik na Keroka, mji ambao mpaka wa Kisii na Nyamira unapita katikati yake. Jarida moja lilisomwa na wengi: mwalimu alilinunua, wenzake wa chumba cha walimu wakalizungusha, kisha likafika nyumbani. Majarida yaliyokwisha soko yaliendelea kuuzwa kwa bei ya chini kando ya barabara, kama ilivyo desturi katika miji mingi ya Kenya.

Mengi ya majarida hayo yalifungwa kwa pini mbili za waya katikati, na hapo ndipo penye jambo ambalo mbanduaji hana budi kulielewa. Katika jarida la pini, kila karatasi imekunjwa na kuwa na majani mawili. Jarida likiwa na kurasa 32, jani la ukurasa wa 3 na 4 ni karatasi moja na jani la ukurasa wa 29 na 30. Mtu akiling'oa jani la mbele kwa nguvu, la nyuma hulegea na kudondoka baada ya kufunguliwa mara chache, na pengine alilotaka kuhifadhi liko huko nyuma. Ndiyo maana nakala nyingi za zamani zilizokatwa picha hukosa pia kurasa za upande wa pili ambazo hakuna aliyekusudia kuzitoa. Kijalizo cha katikati ni salama zaidi: pini hunyanyuliwa kwa ncha ya kisu, kijalizo hutolewa kizima, pini hurudishwa. Katika Kisii pini hizo huwa zimeshika kutu. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka, isiyo na kiangazi kirefu cha kuikausha nyumba. Pini yenye kutu haikunjuliwi kwa nguvu. Hukatwa kwa koleo dogo upande wa ndani na kuvutwa vipande, na mahali pake hushonwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale.

Tangazo lililogundishwa lenyewe ni zao la mashine. Viwanda vya uchapaji vya Ulaya na Marekani vilipoanza kutumia gundi za plastiki zinazoyeyushwa kwa joto, katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, iliwezekana kubandika kadi au kijitabu juu ya ukurasa kwa kasi ya mtambo, bila kusubiri gundi ikauke. Katika miaka ya 1980 majarida ya urembo ya Marekani yalieneza vipande vya karatasi vyenye manukato, vinavyonukia vikifunuliwa. Vitu hivyo vilifika Afrika Mashariki ndani ya majarida yaliyoagizwa kutoka nje na yaliyotumwa na jamaa waliokuwa ng'ambo, kisha majarida ya Nairobi nayo yakaanza kubeba sampuli na kadi. Magazeti, kwa upande wake, yalichomekwa vipeperushi vilegevu vya maduka makubwa, ambavyo hutoka vyenyewe gazeti likifunguliwa.

Karatasi inayong'aa ya majarida hayo imepakwa udongo mweupe wa kaolini, na wino umekaa juu ya tabaka hilo jembamba. Gundi ikilivuta, picha huondoka nayo na kuacha doa jeupe lisilorekebishika. Tena karatasi hiyo haitaki maji hata kidogo: ikilowa, tabaka la udongo hulainika, kurasa mbili hugandana zikikauka, na jarida zima huwa tofali. Mtu aliyezoea kubandua gazeti la uji kwa kitambaa kibichi akifanya hivyo kwa jarida la kung'aa, analiangamiza.

Aina za gundi katika majarida hayo ni tatu hivi, na kila moja ina dalili yake. Ya kwanza ni ile iliyokusudiwa kubanduka. Huonekana kama utepe au vidoto vinavyopitisha mwanga, laini, visivyoingia ndani ya karatasi. Ukurasa hulazwa juu ya meza na kushikiliwa kwa kiganja karibu kabisa na gundi. Tangazo ndilo linalokunjwa kurudi nyuma, likiwa limelala karibu sambamba na ukurasa, na kuvutwa polepole. Kuvuta kwenda juu ndiko kunakorarua. Gundi inayobaki huviringishwa kwa ncha ya kidole safi, nayo hujikusanya na kutoka kama masalia ya kifutio cha mwanafunzi. Kwa jarida la miaka michache kazi imekwisha hapo. Kwa lililokaa miongo miwili au mitatu gundi hiyo huwa imegeuka njano na kukauka, na hutendewa kama ya aina ya pili.

Aina ya pili ni gundi ya plastiki iliyoyeyushwa, ngumu, ya rangi ya maziwa au ya asali. Hii hushindwa na joto au baridi. Kikaushia nywele kikishikiliwa umbali wa kiganja, upande wa tangazo wala si wa ukurasa, huilainisha kwa nusu dakika. Pasipo umeme, kijiko cha chuma kilichochovywa katika maji ya moto na kukaushwa vizuri hufanya kazi ileile kikibanwa juu ya mshono wa gundi. Pasi haifai: joto lake ni kubwa mno, na karatasi yenye mng'ao hujikunja na wino wake hushika karatasi ya pili. Gundi ikilainika, uzi wa kusafishia meno hupitishwa kati ya tangazo na ukurasa, ukisukumwa kama msumeno huku ukielemezwa upande wa tangazo. Uzi ni bora kuliko wembe. Wembe hufuata njia rahisi, na njia rahisi mara nyingi ni ndani ya ukurasa.

Baridi hutumika gundi inapokuwa nene na inanata kila inapoguswa. Jarida hufungwa katika mfuko wa plastiki uliotolewa hewa na kuwekwa kwenye friza kwa saa moja. Gundi hukakamaa na kushika karatasi kwa unyonge zaidi, na mara nyingi huachia ikibonyezwa kwa upole kupitia mfuko. Mfuko haufunguliwi mpaka jarida lirudie joto la chumba, la sivyo hewa yenye unyevu ya Gusii hutua juu ya kurasa baridi na kuwa maji.

Aina ya tatu ndiyo mbaya zaidi: gundi nyeupe ya kawaida, ile ya ofisini na shuleni, iliyoingia ndani ya nyuzi za karatasi. Hapa hakuna njia ya kutoa vyote viwili vikiwa vizima, na uamuzi wa busara ni kulitoa kafara tangazo. Linapasuliwa unene wake, tabaka la juu linavuliwa, na ngozi nyembamba iliyobaki juu ya ukurasa inapunguzwa kidogo kidogo kwa kisu butu. Nyuzi zikianza kunyanyuka kutoka kwenye ukurasa, kazi husimamishwa na kuanzwa upya kutoka upande wa pili. Utepe mwembamba wa tangazo ukibaki, ubaki. Ukingo wa karatasi ulioachwa hauna madhara. Tundu lina madhara.

Kadi zilizofungwa pamoja na mgongo hazihitaji joto wala baridi. Katika jarida la pini, kadi huwa na kipande kifupi kinachotokeza upande wa pili wa mkunjo, na hutolewa kwa kufungua pini. Katika jarida nene lenye mgongo wa gundi, kadi hukatwa kwa rula na wembe kiasi cha nusu sentimita kutoka mgongoni, huku kipande cha kadibodi kikiwa kimewekwa chini yake ili wembe usifike ukurasa unaofuata. Kuing'oa huacha nafasi katika gundi ya mgongo, na kurasa jirani huanza kutoka moja baada ya nyingine.

Dawa za maji huja mwisho. Spiriti ya hospitali, kwa ncha ya pamba na baada ya kujaribiwa pembeni, huondoa mabaki ya gundi inayonata. Wino mwingine huyeyuka nayo, na ukiyeyuka huachwa. Mafuta ya taa, ambayo hulegeza gundi kweli, hayafai hata kidogo, kwani huacha alama ya mafuta inayopanuka kurasa kadhaa ndani. Mabaki yasiyotoka hunyamazishwa kwa poda ya talki isiyo na manukato, inayopakwa kwa brashi laini na kupanguswa, ili ukurasa usigande na jirani yake. Vumbi la karakana za wachongaji wa jiwe la sabuni wa Tabaka, hukohuko Gusii, si badala ya poda hiyo: lina chembe ngumu zinazokwaruza karatasi, na halifai kuvutwa puani.

Vijipakiti vya sampuli na vipande vya manukato hutolewa kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote. Mafuta ya kijipakiti hupenya plastiki kwa miaka, na kijipakiti kilicholaliwa na jarida jingine kinaweza kupasuka. Kikiwa kimeshavuja, karatasi nyeupe isiyo na mistari huwekwa pande zote mbili za ukurasa na kubadilishwa kila baada ya siku chache mpaka iache kunyonya mafuta.

Tangazo lililobanduliwa halistahili kutupwa. Kwa mwenye kuchunguza historia ya Gusii lina thamani ambayo habari za jarida mara nyingi hazina, hasa pale jalada lenye tarehe linapokuwa limepotea, na majalada ndiyo hupotea kwanza. Kadi yenye jina la kampuni ya simu ya Kencell haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 2000 wala ya baada ya 2004, kampuni hiyo ilipobadili jina kuwa Celtel. Jina lake lililofuata, Zain, ni la 2008 hadi 2010. Airtel ni la tangu hapo. Tangazo la sigara huonyesha kwamba jarida la Kenya lilitoka kabla ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 kuanza kutekelezwa. Kwa nyumba ya Kiadventista, ambako tumbaku na pombe ni marufuku, kulikuta tangazo kama hilo bado limegundishwa mahali pake ni habari yenyewe kuhusu jinsi jarida lilivyosomwa na kutunzwa. Hata anwani husaidia: barua ya Nyamira inayotaja Wilaya ya Kisii ni ya miaka iliyotangulia mwisho wa miaka ya 1980, Nyamira ilipotengwa kuwa wilaya, na inayotaja kaunti ni ya tangu 2013.

Kwa sababu hiyo kila tangazo linalotolewa hutiwa katika bahasha ya karatasi, na juu ya bahasha huandikwa kwa penseli jina la jarida, toleo, na kurasa mbili ambazo tangazo lilikuwa kati yake, pamoja na upande lilipogundishwa. Bahasha haiwekwi ndani ya jarida bali nyuma yake, ili unene wake usiuvunje mgongo. Majarida hulazwa, hayasimamishwi, makubwa chini na madogo juu, katika sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni kwa matofali au mbao na kuwekwa mbali na jiko la kuni. Sanduku la bati linafaa likitobolewa matundu machache ya hewa ubavuni, na hufunguliwa mara kwa mara katika Januari na Februari, miezi yenye mvua chache, kurasa zikapigwa na upepo kivulini.